Kikao cha Kumbembeleza Mwenyekiti

Kuna nchi moja ambayo jina lake silitaji. Si kwamba naogopa. Huko ni kosa kulitaja jina la taifa ukiwa umekaa, nami nikisimama siwezi kuandika. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina bendera, ina mvua za kutosha katika miezi isiyozihitaji, na wananchi wake wanajua kupiga makofi kuliko watu wote niliowahi kuwaona.

Fahari yake kubwa ni Sheria ya Kujitolea. Sheria hii inasema kila mtaa, kila kota na kila jengo la ghorofa litaongozwa na kamati ya wakazi, na wanakamati hawatalipwa hata nauli. Kifungu cha kwanza kinasema kiongozi wa wakazi hapokei chochote. Kifungu cha pili kinasema asiyepokea chochote haulizwi chochote. Kifungu cha tatu ni picha ya nembo ya taifa. Wataalamu kutoka nchi za mbali walikuja kuisoma, wakaguna, wakatikisa vichwa, wakaondoka bila kuaga. Tulijua wametuonea wivu.

Mimi nilikuwa mkazi wa Maghorofa ya Fadhila, jengo refu la serikali lenye ua mpana mbele na lifti moja katikati. Mwenyekiti wetu aliitwa Bwana Gervas Mtepa. Mchana alikuwa mtu wa kawaida tu, karani katika ofisi ya mizani. Jioni alivaa suti ya kijivu akageuka kuwa Mjitoleaji Mkuu. Alizunguka ua taratibu, mikono nyuma, akipokea shukrani. Ukikutana naye ilikuwa lazima useme "Asante, Mwenyekiti" kabla ya salamu nyingine yoyote. Kama siku hiyo hajafanya kitu, ulimshukuru vilevile, ikawa akiba ya siku ambayo angefanya.

Harusini alipakuliwa wa kwanza. Msibani alipewa kiti chenye mto. Watoto wa shule waliimba jina lake katika wimbo wa mapezi na miguu ya bata ambao sikuwahi kuuelewa, lakini niliuimba.

Wajumbe wake walipatikana kwa uangalifu mkubwa. Nchi ile inachukia sana mgongano wa maslahi, kwa hiyo mtu hakupewa jambo linalomhusu. Mjumbe wa Maji alikuwa na kisima chake kwa mama yake. Mjumbe wa Usafi pua yake haikuwahi kusikia harufu tangu utotoni. Mjumbe wa Lifti, Bwana Hashil Mbonde, alikaa ghorofa ya chini, mlango wa kwanza kushoto, na katika maisha yake yote jengoni hakuwahi kupanda ngazi hata moja. Ungemtafuta mtu msafi zaidi kuhusu lifti usingempata.

Na kwa bahati mbaya, lifti ilikuwa imekufa. Ilikufa siku nyingi kiasi kwamba watoto waliozaliwa ghorofa za juu walidhani ule mlango wa chuma ni pambo. Juu yake kulibandikwa tangazo la Kamati: LIFTI INASHUGHULIKIWA KWA MOYO. Tangazo lilipopauka, Kamati ilibandika jipya mara moja. Sitaki mtu aseme walikaa bure.

Sasa juu kabisa, ghorofa ya mwisho, aliishi Mzee Anselimu Chilumba na mkewe Bi Filomena, ambaye sote tulimwita Mama Oliva. Mzee Anselimu alikuwa msimamizi wa stesheni ya reli enzi zake, mtu wa kofia na filimbi. Treni nzima ilimsubiri ameze chai. Baadaye magoti yakamsaliti. Tangu lifti ilipokufa hakuwahi kukanyaga ardhi. Tulimwona roshanini, amevaa koti lake la reli, akitutazama huku chini, na sisi tulimpungia mkono.

Binti yake wa mwisho, Oliva, akaposwa. Sherehe ikapangwa kufanyika uani kwetu. Mzee alikuwa na sharti moja: atampeleka mwanawe mbele ya watu kwa mkono wake mwenyewe, kwa miguu yake mwenyewe. Oliva naye akaweka la kwake.

"Baba asiposhuka, siolewi," alisema, na aliyemjua Oliva alijua hapo hakuna mjadala.

Vijana wa jengo walijitokeza kumbeba Mzee kwenye kiti. Aliwakatalia mlangoni.

"Wanangu, asanteni. Lakini katika jengo hili nimeona watu watatu wakishushwa wamebebwa," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyerudi."

Vijana walishuka na kiti kitupu. Ikabaki lifti.

*

Mama Oliva alimsubiri Mwenyekiti karibu na ubao wa matangazo. Mimi nilikuwepo, nikisoma tangazo ambalo nilikuwa nimeshalisoma.

"Asante, Mwenyekiti," akaanza, kama inavyotakiwa.

"Karibu, Mama Oliva. Nakusikiliza, ila kwa kifupi. Unajua mimi silipwi."

"Harusi ya mwanangu ni mwezi ujao. Mzee wangu haziwezi ngazi. Naomba lifti itengenezwe."

"Ombi zuri sana. Limo kwenye Mengineyo."

"Baba, tangu nihamie hapa hatujawahi kuyafika hayo Mengineyo."

"Ndiyo sababu yametunzwa vizuri."

Mama Oliva akavuta pumzi. Ni mwanamke mfupi, mpole wa sura, mwenye tabia ya kukunja kanga yake upya kila anapokasirika. Akaikunja.

"Mwenyekiti, huyu Oliva umemwona akizaliwa."

"Mama, chakula changu kiko mezani kinapoa. Nimekiacha ili nikusikilize. Hivi unashukuru au hushukuru?"

"Nashukuru."

"Basi kama unashukuru, unalalamika nini?"

Mama Oliva akaikunja kanga yake tena. Nilivutiwa sana na hoja ile. Niliirudia nyumbani kwa mke wangu, naye aliikubali kwa kunigeuzia mgongo.

Hapa inabidi nieleze utaratibu wa vikao vyetu, maana msomaji anaweza kuwa anatoka nchi isiyo na utaratibu. Ajenda zilikuwa zilezile siku zote. Kufungua kikao. Kuitambulisha meza kuu, mtu mmoja mmoja, pamoja na wasiokuwepo. Kisha Kujiuzulu na Kubembelezwa. Kisha Shukrani. Kisha Mengineyo, na Kufunga.

Ajenda ya Kujiuzulu na Kubembelezwa ndiyo moyo wa kikao. Mwenyekiti husimama, hufuta uso kwa leso, na hutangaza kwamba amechoka, anajitolea tu, hana faida yoyote, na anaomba kwa heshima na taadhima apumzike. Hapo wakazi humbembeleza. Hulia, humsihi, kina mama hutandika kanga chini asipite. Baada ya muda mrefu hukubali kwa shingo upande kuendelea. Kufikia hapo jua limezama, watoto wana njaa, Shukrani zinapitishwa mbiombio na kikao kinafungwa. Haya mengine yote, maji, taka, taa za ngazi, lifti, yalikaa kwa usalama ndani ya Mengineyo.

Kubembeleza nako kulikuwa na kanuni. Mtu hakuropoka tu. Lazima aanze Mbembelezaji Mkuu, ndipo wengine wafuate. Na Mbembelezaji Mkuu wa Maghorofa ya Fadhila, nasema bila kujisifu, nilikuwa mimi. Nina sauti. Nikisema "Mwenyekiti, utatuacha na nani?" hata paka wa jengo walisimama kusikiliza. Niliteuliwa baada ya mtangulizi wangu kupata mafua katikati ya neno "nani", jambo lililokaribia kuliangusha jengo zima.

Siku mbili tatu kabla ya kikao, Mama Oliva alinibishia hodi. Nilidhani amekuja kunikaribisha harusini.

"Jirani, naomba nikuulize kitu cha kijinga. Hivi ni lazima uanze wewe kubembeleza?"

"Lazima, mama. Ndiyo kanuni."

"Na mwingine akitangulia?"

"Huo utakuwa uasi. Ataonekana anautaka uenyekiti."

"Na wewe usipoanza?"

Nilicheka mpaka machozi. "Mimi nisianze? Mama Oliva, nimezaliwa kwa kazi hii."

"Kweli," akasema. "Kazi ngumu hiyo. Inakausha koo. Nitakuletea kashata."

Nilimsifu moyoni. Wakazi wachache sana hulifikiria koo la Mbembelezaji.

*

Kikao kilifana. Meza kuu ilipambwa kwa vitambaa, ingawa Kamati ilikalia mabenchi, kwa kuwa yale makochi yake ya heshima, tuliambiwa, yalikuwa stoo yakipumzishwa. Wakazi walijaa uani. Kule juu Mzee Anselimu aliegemea roshani na koti lake la reli. Mama Oliva alikaa pembeni yangu na bakuli lililofunikwa.

Mwenyekiti akasimama, akafuta uso.

"Ndugu wakazi, itifaki imezingatiwa. Nimewatumikia kwa jasho. Sikupata mshahara, sikupata posho, sikupata hata soda. Mke wangu ananiona kwenye picha tu. Nimechoka, ndugu zangu. Kwa heshima na taadhima, naomba kupumzika."

Katika ule upenyo mdogo kabla sijavuta pumzi ya kuanza, Mama Oliva alinisogezea bakuli. "Lainisha koo kwanza, jirani," akaninong'oneza. Nikatia kashata nzima mdomoni.

Ilikuwa kashata ya nazi na sukari guru, aina ile inayoiva mpaka inakuwa gundi. Meno ya juu yakashikana na ya chini. Nilivuta. Hayakuachana. Nilijaribu kupitisha neno "Mwenyekiti" puani, ikatoka sauti ambayo sipendi kuikumbuka.

Watu wote walinitazama. Kina mama walikuwa wameshakunjua kanga zao, wanangoja. Mwenyekiti akanitazama. Akakohoa, akarudia kwa sauti zaidi.

"Nasema, naomba kupumzika!"

Nilipunga mikono. Nilipiga magoti. Mwenyekiti akadhani naomba dua, akainamisha kichwa. Mtoto mmoja akasikika akiuliza kama tayari ni saa ya kula.

Hapo ndipo Bi Sesilia, mke wa Mwenyekiti, alipoinuka kutoka mstari wa nyuma. "Tumepokea!" akasema kwa furaha isiyofichika. "Mungu awabariki. Leo atakula na wanawe."

Watu wakapiga makofi. Sio kwa ubaya; katika nchi ile mtu akimaliza sentensi tunapiga makofi. Lakini yakishapigwa, yamepigwa. Mwenyekiti alisimama ameshika leso, macho yamemtoka. Mazoea ndiyo yaliyommaliza kabisa, kwa sababu mdomo wake uliendelea wenyewe kusoma ajenda.

"Inayofuata ni Shukrani," akasema.

"Tunashukuru," akajibu Mama Oliva, amesimama. "Sana. Inayofuata?"

"Mengineyo," akasema Mwenyekiti, kisha akaziba mdomo kwa mkono.

Tulikuwa tumefika Mengineyo na jua bado linawaka. Hakuna aliyejua Mengineyo yanafananaje. Mjumbe wa Usafi aliangalia chini ya meza. Mzee mmoja alivua kofia.

"Nina neno moja," akasema Mama Oliva. "Tutafute mtu wa kuliangalia jengo hili, tumlipe."

Kelele zilizozuka ziliwatisha njiwa. Kulipa! Mbele ya watoto!

"Mama Oliva!" akafoka Bwana Hashil, Mjumbe wa Lifti. "Mtu wa kulipwa anafanya kwa ajili ya hela. Sisi tunafanya kwa moyo."

"Hashil, mwanangu, lifti haipandi kwa moyo. Inapanda kwa mtambo."

"Lakini mtu ukimlipa atakuwa nani kwako? Si utamtuma kama mtoto?"

"Ndiyo. Nitamtuma."

"Na akikataa?"

"Tutatafuta mwingine."

Niliona watu wakilionja wazo lile kama wanaoonja supu ya moto. Mwenyekiti, au niseme Bwana Gervas, alinyoosha mkono kuomba kusema. Sauti yake haikuwa ya suti tena.

"Mimi mlinionaje? Usiku wa mafuriko nani alizima umeme? Si mimi, kwa miguu peku? Mwanangu alipofanya mahafali nilikuwa nasuluhisha ugomvi wa kamba za kuanikia nguo za jengo hili. Nimewapa miaka yangu bure. Leo mnanivunjia heshima kwa mshahara?"

Watu waliinamisha vichwa. Ilikuwa kweli. Hata mimi, na meno yangu yameshikana, nilimhurumia.

"Tunajua, baba," akasema Mama Oliva polepole. "Ulizima umeme, na sitasahau. Ndiyo maana hatuwezi kukwambia kitu. Kila nikitaka kukuuliza lifti, nakumbuka miguu yako peku, naona haya, narudi juu. Mume wangu anazeeka roshanini kwa sababu mimi naona haya. Nataka mtu nisiyemwonea haya."

Hakuna aliyepiga makofi. Bwana Gervas alikaa chini kwenye benchi la wakazi, karibu na mkewe.

Tatizo likawa nani akubali kulipwa. Kila mmoja alimsukumia jirani yake. Mwishowe Mama Oliva akasema, "Nipeni mimi. Mnilipe, mnidai." Wakazi walipomkabidhi bahasha wengi waligeuza nyuso kando, kama mtu anavuliwa nguo. Yeye aliipokea kwa mikono miwili, akaifungua mbele yetu, akaitia kwenye mfuko wa kanga.

*

Asubuhi iliyofuata alimleta fundi, na fundi akauchokonoa mlango wa lifti kwa nondo mpaka ukafunguka. Tulikusanyika kuona ugonjwa.

Ndani yalikuwepo makochi ya meza kuu. Manne, yamebebana mpaka darini. Kulikuwa pia na zulia jekundu, maua ya plastiki, ngao za pongezi na feni.

"Bwana Hashil," akasema Mama Oliva, "hivi ni vitu gani?"

"Vya Kamati. Nimevitunza mimi." Alikuwa na fahari, maskini. "Hii stoo niliikuta wazi nilipoteuliwa. Ina kufuli nzuri, haiingii panya."

"Hii ni lifti."

Bwana Hashil aliingiza kichwa, akatazama juu, akatazama vitufe vyenye namba ukutani. "Mimi nilidhani lifti iko huko juu," akasema. "Watu wanaoilalamikia wote wanakaa juu."

Sikumcheka. Alikuwa mkweli kabisa, na kama nilivyosema, jambo lile halikumhusu. Makochi yalitolewa, fundi akashinda siku kadhaa akibadilisha waya uliochoka kwa uzito wa makochi hayo, kisha lifti ikanguruma, ikatikisika, ikapanda. Watu walitoka majumbani kuiangalia. Waliozaliwa juu walikimbia wakipiga mayowe kwamba pambo limefunguka.

Lakini kilichowabadilisha wakazi hakikuwa lifti. Jioni moja baba mmoja wa ghorofa ya tano, mtu mwoga anayeomba radhi akipigwa kikumbo, alimsogelea Mama Oliva.

"Samahani. Taa ya ngazi kwetu... haiwaki."

"Sawa. Kesho."

"Hukasiriki?"

"Nalipwa."

Kesho yake taa iliwaka. Yule baba alisimama chini yake muda mrefu. Siku iliyofuata alirudi kulalamikia mfereji, na nyuma yake kulikuwa na watu wengine. Wiki haikuisha, foleni ya walalamikaji ikafika getini. Walilalamika mambo ya kweli, na yalipoisha wakalalamika upepo, mbwa wa jengo la jirani, na kimo cha wakwe zao. Mama Oliva alijibu ndiyo au hapana, alikasirika mara chache, na Jumapili alifunga mlango. Bwana Gervas alikuja naye kulalamika kwamba takataka zinacheleweshwa. Alitoka hapo amekunjua uso. Bi Sesilia aliniambia nyumbani siku hizi anacheka.

Mimi nilibaki bila kazi. Watu hawambembelezi mtu anayelipwa.

*

Habari zilifika makao makuu. Siku yenyewe ya harusi, uani kumepambwa, pilau inanukia, bendi inafunga vyombo vyake, gari jeusi likasimama getini. Akashuka Kamishna Mkuu wa Kujitolea, Dokta Baltazari Nguzo, mtu mrefu mwenye tumbo la heshima na viatu vinavyolia. Mkononi alikuwa na amri.

"Yuko wapi huyo mama anayepokea?"

Tulimwonyesha juu. Mama Oliva alikuwa ghorofa ya mwisho, akimfunga mumewe tai. Kamishna alitazama ngazi. Akatazama lifti. Akaingia kwenye lifti, nami nikaingia naye, kwa kuwa katika nchi yetu mkubwa hasindikizwi na hewa.

Juu tulikuta familia imesimama tayari kwenye ukumbi mdogo. Oliva alikuwa ndani ya shela ndefu iliyotambaa mpaka jikoni. Mzee Anselimu alivaa suti iliyomning'inia mabegani, na alikuwa amesimama wima akiushika ukuta kwa kidole kimoja tu. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa lifti.

Kamishna akasoma kwa sauti ya redio.

"Kwa mamlaka niliyopewa, na kwa kuwa katika jengo hili mtu amelipwa kinyume cha sheria, na kwa kuwa lifti imetengenezwa kwa mkono uliolipwa na hivyo ni lifti haramu, naamuru lifti hii isimame papo hapo, wala isimpandishe wala kumshusha mtu yeyote!"

Oliva akamshika baba yake mkono. Mzee alianza kuifungua tai aliyofungwa muda si mrefu, taratibu. Sijawahi kuona tai ikifunguliwa na ikaniuma vile.

"Sawa, Kamishna," akasema Mama Oliva. Alikuwa anaikunja kanga yake. "Amri ni amri. Basi ngazi ni zile pale."

"Ngazi za nini?"

"Za kushukia. Umesema papo hapo, wala isimshushe mtu yeyote."

Kamishna akaenda kwenye ukingo wa ngazi, akachungulia. Zilishuka, zikapinda, zikashuka tena, zikapotelea gizani. Alirudi, akavaa miwani, akaisoma amri yake upya, safari hii kimoyomoyo.

"Papo hapo," akasema hatimaye, "katika lugha ya kisheria ina tafsiri pana. Inaanza kuhesabiwa pale mtekelezaji wa amri atakapofika ardhini."

"Akiwa peke yake?"

Alipima upana wa lifti, akatazama sura ya Mama Oliva aliyekuwa amesimama katikati ya mlango wake. Hakuwa mtu wa kusogea.

"Akiwa na msafara," akasema Kamishna.

Tulijipanga humo kama vitumbua kwenye sahani. Mzee Anselimu alitangulia, hatua moja, akapumzika, hatua ya pili. Nilimsikia akihesabu ghorofa kwa sauti ndogo tulipokuwa tukishuka, na mlango ulipofunguka chini, mwanga wa ua ukampiga usoni, alisimama tu. Alikanyaga ardhi kwa mguu mmoja kwanza, akaubonyeza, kama mtu anayejaribu godoro dukani. Watu walishangilia mpaka vyungu vya pilau vikatikisika. Bwana Gervas alikuwa analia waziwazi, na hakuna aliyemlipa.

Kamishna alinyoosha mkono juu ili atangaze kwamba sasa amri imeanza. Mzee akamwahi.

"Samahani, bwana mkubwa. Wewe hii kazi unalipwa?"

"Mimi?" Kamishna alivuta koti lake likae vizuri. Swali la cheo chake lilimpendeza. "Mimi ni Kamishna Mkuu. Nalipwa mshahara, posho ya nyumba, posho ya gari, na posho ya kuwahimiza wengine wasipokee posho."

Wakazi wote wakamgeukia. Nilizijua sura zile. Yule baba mwoga wa ghorofa ya tano aliweka sahani yake chini, akajifuta mikono, akaja kusimama mbele ya Kamishna. Nyuma yake akasimama Mjumbe wa Maji wa zamani. Nyuma yao wakaja kina mama na vikombe vyao, Bi Sesilia, fundi, wapiga bendi. Hakuna aliyewaita. Foleni ilizunguka meza ya keki ikaelekea getini, mpaka kwenye gari jeusi, na dereva wake naye akazima injini, akashuka, akasimama mwisho.

"Hii foleni ni ya nini?" akauliza Kamishna. Mkono wake ulikuwa bado hewani.

"Ya kukuuliza," akasema Mama Oliva. "Sisi hapa mtu tukimlipa, tunamwuliza. Nawe kumbe tumekulipa siku nyingi."

Kamishna alitafuta njia ya kupita. Haikuwepo. Aliteremsha mkono, akajipangusa jasho, akajaribu kutabasamu.

"Basi, basi. Nani wa kwanza? Kwa kifupi, tafadhali."

Yule baba wa ghorofa ya tano alisogea pembeni kwa adabu, akampisha Mzee Anselimu aliyekuwa amesimama na mwanawe mkononi, wanashindwa kwenda mbele.

"Kwa kifupi kabisa," akasema Mzee. "Toa mguu wako kwenye shela ya mwanangu."

Kamishna aliinama akatazama. Akautoa.